Milimita Tatu za Juu

Asubuhi ile mama alikuta kioo cha dirisha la sebuleni kimeegemezwa nje ukutani, kizima, hakina hata ufa. Televisheni haikuwepo, redio haikuwepo, na kitambaa kilichokuwa kikifunika televisheni kilikuwa kimeanguka sakafuni. Kilichomshangaza ni kwamba alikuwa amefunga. Komeo dogo lenye umbo la mwezi mwandamo lilikuwa limezungushwa kama alivyoliacha saa tatu usiku. Kile kipande cha mpini wa jembe alichozoea kukilaza kwenye reli ya chini, ili kioo kisisukumike, nacho kilikuwa palepale. Nyumba imefungwa, na mtu ameingia.

Hiyo ni nyumba yetu ya Same mjini, miaka saba iliyopita. Madirisha yalikuwa mapya, ya aluminiamu, ya kuslaidi. Tuliyachangia sisi watoto watatu kwa zaidi ya mwaka mmoja, na siku yalipofungwa mama alikaa sebuleni mchana kutwa akiyafungua na kuyafunga. Alikataa kuwekewa grili. Alisema, moto ukiwaka usiku nitokee wapi? Tulimwelewa. Kwa hiyo usalama wake wote uliachiwa dirisha lenyewe.

Fundi aliyekuja kuyatazama siku ya pili hakuwa yule aliyeyafunga. Alivua viatu mlangoni, akaingia na begi la turubai begani.

“Shikamoo mama. Pole sana.”

“Marahaba mwanangu. Nimeshapoa.”

Hakuuliza maswali mengi. Aliniomba nifunge dirisha la chumba cha pili, nizungushe komeo, nilaze na mpini, kisha nibaki ndani. Yeye akazunguka nje. Nikaona viganja vyake viwili vimebandikwa kwenye kioo, vikisukuma kwenda juu. Kioo kikapanda. Ulimi wa komeo ukachomoka pole pole kutoka kwenye kishikio chake. Chini ya kioo pakaonekana mwanga, kisha akakivuta kwake upande wa chini, na kioo chote kikawa mikononi mwake. Hakuna sauti iliyosikika zaidi ya mkwaruzo mmoja mwepesi. Mpini wa jembe ulibaki umelala relini, ukilinda njia ambayo hakuna aliyeipita.

“Hawa hawakuvunja kitu, mama,” alisema akiwa bado amekishika. “Wamenyanyua tu. Kioo kilivyoingia ndivyo kilivyotoka.”

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuata fundi huyu kila nikipata likizo. Nimekaa kwenye kopo la rangi katika karakana yake ya bati kando ya barabara kuu, nimemshikia ncha ya tepu, nimepanda naye milimani juu ya mzigo wa fremu. Nimeona watu wengi wakifanya kazi vizuri. Yeye ndiye wa kwanza niliyemwona akiwaza nafasi tupu kwa bidii kama wengine wanavyowaza chuma.

Dirisha la kuslaidi, kwa asiyelijua, lina fremu kubwa iliyofungwa ukutani na vipande viwili au vitatu vinavyosogea ndani yake. Sisi watumiaji kila kipande tunakiita kioo, pamoja na fremu yake ndogo. Cha tatu kwa kawaida ni wavu wa mbu. Chini ya kila kioo kuna magurudumu mawili yenye mfereji katikati, nayo hukalia ukingo mwembamba wa reli. Juu hakuna gurudumu. Juu kuna mfereji tu, na kichwa cha kioo kimezama ndani yake.

Sasa fikiri jinsi kioo kinavyoingia. Fremu kubwa iko ukutani tayari, haifunguki. Fundi anakiinamisha kioo, anaingiza kichwa kwenye mfereji wa juu, anakisukuma juu hadi miguu ivuke ukingo wa reli, anakisimamisha wima, kisha anakishusha. Ili jambo hilo liwezekane, lazima mfereji wa juu uwe na kina cha kutosha. Katika madirisha ya mama kina kilikuwa milimita 25. Kioo kilipokaa relini, kichwa kilizama milimita 12 tu, na juu yake pakabaki uwazi wa 13. Chini, magurudumu na mdomo wa fremu ndogo viliishika reli kwa milimita 10. Mwenye kutaka kukitoa anahitaji kukinyanyua 10, naye amepewa 13.

Hesabu yote ya wizi ule ilikuwa hiyo. Kioo cha milimita 5 kina uzito wa kilo 12 na nusu kwa kila mita ya mraba. Cha mama, pamoja na fremu yake, hakikufika kilo 15. Mtu mzima anakibeba kama ndoo ya maji.

Dawa aliyoileta ilikuwa vipande vidogo vya plastiki ngumu, vya unene wa milimita 10, virefu kama kidole cha shahada. Baada ya kioo kukaa mahali pake alikisogeza pembeni, akaingiza kipande kimoja ndani ya mfereji wa juu, karibu na kona ambapo kioo husimama kikiwa kimefungwa, akakikaza kwa skrubu mbili fupi. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Uwazi wa 13 ukawa wa 3. Kioo kikifungwa, kichwa chake kiko chini ya kizuizi, na ukikinyanyua kwa nguvu zako zote kinapanda milimita tatu kisha kinagota. Chini reli bado imeshikwa kwa saba. Lakini mama mwenyewe akiwa ndani, akifungua komeo na kukivuta kioo hadi katikati ambapo hakuna kizuizi, anaweza kukinyanyua na kukitoa akakioshe. Yaani dirisha linamtambua aliye ndani na aliye nje. Nilipoelewa hilo nilisimama kimya kidogo, kwa sababu vipande vile gharama yake ni ndogo mno, na aliyetuuzia madirisha hakuviweka.

Nilimwuliza kwa nini asizibe uwazi wote, kwa nini abakishe tatu. Alinipeleka nje, jua la saa nane, akanishikisha fremu ya rangi ya kahawia iliyokuwa imeegemezwa kwenye bati. Sikuweza kuishika hadi kuhesabu tano. Aluminiamu hutanuka karibu maradufu ya chuma ikipata joto: pau la mita moja na nusu, joto likipanda nyuzi 40, hurefuka takribani milimita 1.4. Same iko upande mkavu wa milima ya Upare. Pepo zinazotoka baharini hushusha mvua yake mashariki, Gonja na Mamba, na kinachotufikia huku ni jua. Hapo kuna ukuta pia. Linta hushuka kidogo nyumba inapokaa, hasa mwaka wa kwanza. Fundi aliyebana kioo chake bila kubakisha kitu atarudishwa Desemba na mteja anayelalamika kwamba dirisha halisogei.

Fundi wetu ana maneno matatu ya hali ya kioo: kinabana, kinacheza, kinaelea. Kinachobana hakijaachiwa nafasi. Kinachocheza kimeachiwa mno, na usiku wa upepo kitagonga gonga hadi mtu aamke. Kinachoelea ndicho anachokitafuta. Ukikigusa kwa kidole kimoja kinakwenda, ukikiacha kinasimama, ukikitikisa hakijibu. Nimemwona akitumia nusu saa kwenye dirisha moja la choo, dogo kama sinia, kwa sababu lilikuwa linacheza.

Kuelea huko kunatengenezwa chini. Ubavuni mwa kioo, karibu na sakafu ya fremu, kuna tundu ambalo wengi hudhani ni la urembo. Ndani yake kuna skrubu inayopandisha na kushusha gurudumu. Fundi huingiza bisibisi, huzungusha robo, husukuma kioo, husikiliza, huzungusha robo tena. Gurudumu la kushoto likiwa juu kuliko la kulia, kioo husimama upogo, ulimi wa komeo hukikosa kishikio, na mwenye nyumba huanza kulilazimisha hadi likatike. Wengi hununua komeo jipya. Yeye huzungusha skrubu. Kioo kilichopandishwa sawasawa kichwa chake huzama zaidi juu, na hapo uwazi hupungua hata kabla ya kizuizi kuwekwa.

Reli ya garimoshi inapita Same, ile ya kutoka Tanga kwenda Moshi na Arusha iliyoanzwa na Wajerumani. Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi kupita baada ya kimya cha miaka mingi. Siku moja tulikuwa tukisubiri mzigo karibu na stesheni, naye akachuchumaa kuangalia gurudumu la behewa la mizigo. Gurudumu la treni lina ukingo upande wa ndani tu, na ukingo huo pamoja na uzito wa tani nyingi ndivyo huliweka relini. La dirisha lina kingo mbili, kushoto na kulia, lakini halina uzito. Aliniambia kitu ambacho sijakisahau: treni inashikwa na mzigo wake, dirisha lazima lishikwe kichwa. Ndiyo maana fundi anayetazama magurudumu peke yake, hata yakiwa ya gharama, hajaliona dirisha.

Na kuna upepo. Tambarare ya Same haina cha kuuzuia. Upepo wa kasi ya kilomita 72 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 25 hivi. Ukizunguka nyuma ya nyumba hugeuka ukavuta badala ya kusukuma, ukitaka kukitoa kioo nje. Kioo chepesi hupinda tumbo. Kichwa kilichozama milimita sita tu kinaweza kuchomoka katikati, mahali ambapo fremu ya juu imeinuka au ya chini imebonyea. Ndiyo maana fundi wetu huvuta uzi kutoka kona hadi kona ya reli ya chini kabla hajakaza hata skrubu moja. Pima maji huonyesha kama fremu imelala sawa, lakini haionyeshi tumbo. Uzi huonyesha. Akiona mwanga kati ya uzi na reli anaingiza kabari, anapima, anaitoa, anaichonga, anairudisha. Kisha tepu: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, halafu kona zile nyingine. Vipimo viwili vikitofautiana zaidi ya milimita 2, fremu ni msambamba na si mstatili, naye anafungua alichokaza.

Kazi hii haionekani hata kidogo. Silikoni ikishapakwa, kabari zimefichwa, uzi umekunjwa mfukoni, dirisha lililopimwa na lisilopimwa yanang'aa sawa. Mteja hulinganisha rangi na bei. Nimeshuhudia mtu akimwacha fundi huyu kwa tofauti ya elfu kumi na tano kwa dirisha, naye akampa mkono na kumtakia heri.

Wapare na chuma ni habari ya zamani. Profesa Isaria Kimambo, mtoto wa milima hii, katika kitabu chake cha 1969 kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare, alieleza habari za Washana wa Ugweno, ukoo wa wahunzi ulioshika utawala kaskazini ya milima kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma cha Upare kilivuka tambarare hadi Uchagga, kikawa majembe na mikuki ya watu wengine. Aluminiamu haina historia hiyo kwetu. Hata duniani ni changa: njia ya kuitengeneza kwa bei ya kawaida ilipatikana mwaka 1886 tu, na watu wawili waliokuwa hawajuani, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa. Haifuliwi kwa nyundo. Huja Same juu ya lori, mapau ya mita sita hivi, yamekwisha kupewa umbo kiwandani. Mtu angeweza kusema hapo hakuna uhunzi uliobaki. Mimi nasema uhunzi umehamia kwenye kipimo. Mhunzi wa Ugweno alijua kwa rangi ya moto chuma kimefikia wapi. Huyu anajua kwa sauti ya gurudumu.

Mwaka juzi tulipanda Mbaga kufunga madirisha ya nyumba ya dada yangu. Same mjini ni mita 860 na kitu juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Shengena ni mita 2,462, na barabara ya Mbaga inakupandisha kutoka mibuyu na migunga hadi migomba kabla mwili haujajua umebadili nchi. Fremu zilikuwa zimefungwa kwa magunia na kusimamishwa kwenye gari, hazikulazwa, kwa sababu fremu iliyolazwa kwenye barabara ya mawe hufika imejikunja. Fundi alikuwa amesimama nyuma nazo, amezikumbatia, kona zote.

Kule juu tatizo ni jingine. Same adui wa reli ni vumbi. Linaingia, linachanganyika na mafuta ambayo watu hupaka wakidhani wanasaidia, linakuwa uji mgumu. Gurudumu linapanda juu ya uji huo, na kioo kinainuka kutoka relini bila mwizi. Kwa hiyo mjini huwakataza wateja kupaka mafuta. Brashi ya meno iliyochakaa na kitambaa kikavu kila Jumamosi, basi. Mbaga adui ni maji. Ukungu unalala dirishani, mvua ya masika inapigwa ubavuni, na reli ya chini inageuka mfereji. Fremu nzuri ina matundu membamba upande wa nje ya kutolea maji hayo. Alipofika aliyakagua yote, akakuta mawili yamezibwa na lipu, akayazibua kwa msumari. Kisha akamwonyesha dada yangu nyumba za udongo ambazo nyigu hujenga humo humo ndani ya matundu, na jinsi ya kuzitoa kwa njiti.

Skrubu alizotumia kule zilikuwa za chuma kisichoshika kutu. Ya kawaida ikikaa kwenye unyevu ndani ya aluminiamu, vyuma viwili visivyofanana huanza kulana, na tundu la skrubu hupanuka mwaka hadi mwaka hadi fremu itikisike ukutani. Saruji mbichi nayo huila aluminiamu, huiacha na madoa meupe yasiyofutika. Alikuwa amezifunika fremu kwa plastiki, na hakuibandua hadi lipu ilipokauka. Dada yangu alitaka kuona madirisha yake siku ileile. Alisubiri siku tisa.

Kati ya vioo viwili, pale vinapopishana, kuna kitu kingine ambacho sikukijua hadi Mbaga. Ubavu wa kioo cha ndani na wa kioo cha nje kila kimoja kina ndoano ndefu, kutoka juu hadi chini, na vikifungwa ndoano hizo hukumbatiana. Ukisukuma kioo cha nje, cha ndani kinakishika. Mafundi wengi huacha ndoano zikapishana kwa milimita mbili tatu, kwa sababu kioo kimekatwa kifupi kidogo ili pau moja litoe vipande vingi. Yeye hukata kwa kipimo cha ndoano kwanza, ndipo ahesabu mapau. Anapoteza kipande cha pau kwa kila madirisha machache. Vipande hivyo vimejaa kwenye kona ya karakana yake, na watoto wa jirani hutengenezea magari.

Jioni ya mwisho kule juu alifanya kile anachofanya kila anapomaliza. Alifunga madirisha yote, akazungusha makomeo, akatoka nje, akaanza kuyaibia. Dirisha kwa dirisha, viganja viwili kwenye kioo, anasukuma juu, anasubiri, anasukuma kwa bega. Anajaribu kona moja peke yake, maana kioo kinaweza kukataa kupanda wima na kikakubali kupanda upogo. Dirisha la jikoni lilimpa mlio asioupenda. Akaingia ndani, akatoa kizuizi, akaweka kingine kinene zaidi kwa unene wa kadi ya simu, akatoka tena. Giza lilikuwa limeingia, ukungu umeshuka hadi kwenye migomba, naye alikuwa bado amebandika viganja kwenye kioo cha watu kama anayemsikiliza mgonjwa kifua.

Tuliporudi Same tulipitia kwa mama. Madirisha yake yana vizuizi tangu ile siku ya pili, na hakuna kioo kilichotoka tena. Lakini mpini wa jembe ulikuwa bado umelala relini, kila dirisha na kipande chake sasa, vinne. Fundi aliuona, hakusema kitu. Kesho yake alileta vijiti vinne vya aluminiamu, amevikata kutoka kwenye yale mabaki, ncha zimelainishwa, kila kimoja na alama ya dirisha lake.

“Hivi vinakaa kamili mama, havitikisiki.”

Mama alivipokea kwa mikono miwili, akavitazama, akashukuru sana. Kisha akasema ule mpini ni wa jembe la marehemu baba, alilima nalo kule Mwembe miaka yote, na angependa uendelee kulala dirishani.

Fundi akachuchumaa kwenye reli. Alichukua kipande cha kwanza cha mpini, akakipima, akakuta ni kirefu kwa milimita nne, ndiyo maana kilikuwa kikilala upande na si chini. Akatoa tupa kwenye begi, akaketi kizingitini, akaanza kukisugua.